Nyumba ya Masista, Bagamoyo: Nani Alishika Kalamu?

Wanafunzi wa fasihi tunapokwenda Bagamoyo, mara nyingi tunakwenda kutazama ngoma na michezo ya kuigiza. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa pale mwaka 1981, na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, ndicho kinachotuvuta. Tunafika asubuhi, tunakaa kwenye maonesho, tunakula samaki ufukweni, na jioni tunarudi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 70, tukiwa tumeimba ndani ya basi mpaka sauti zimekauka. Mimi nimekwenda hivyo mara mbili. Safari ya tatu nilikwenda peke yangu na sikupita kwenye ngoma. Nilikuwa namtafuta mtu.

Mtu mwenyewe ni bibi yake bibi yangu. Kwa hesabu ya ukoo mimi ni kilembwe wake. Ninayoyajua juu yake ni mambo matatu tu: alilelewa na masista Bagamoyo, akaolewa hapohapo misheni, kisha yeye na mumewe wakapelekwa bara, upande wa Mhonda, kwenye milima ya Nguru, kukaa katika kijiji cha Wakristo. Bibi yangu ukimuuliza kabila hujibu kwa mkato: "Sisi watu wa misheni." Ukizidi kumchimba anakasirika. "Wewe uliza chakula, usiniulize kabila." Nilikua nikidhani ni ukali wa uzee. Nilipofika mwaka wa pili hapa Mlimani, katika kozi ya historia ya fasihi ya Kiswahili, ndipo nilipoanza kushuku kwamba jibu la bibi linahitaji kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi gumu: kwa kutazama lililosemwa, halafu lililoachwa.

Mmoja wa wahariri wetu alipoiona rasimu ya makala haya aliniuliza natumia nadharia gani. Ndugu mhariri, nadharia yangu ni ndogo. Nauliza nani alishika kalamu.

Nyumba ninayoizungumzia iko katika eneo la misheni ya Kikatoliki, nje kidogo ya mji mkongwe. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, kiongozi wao akiwa Padre Antoine Horner. Walitokea Unguja, ambako Padre Fava na masista wa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion walikuwa wametangulia tangu 1860. Mwaka 1872 mwezi wa Aprili ikaja tufani, ileile iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, ikayavuruga majengo ya misheni. Baada ya hapo wakajenga kwa nguvu mpya. Nyumba ya mapadre ilianza kujengwa 1873, na nyumba ya masista ni ya mwaka 1876. Humo masista waliishi, na chini ya ulezi wao wasichana waliotolewa utumwani walifundishwa sala, kusoma, kushona na kazi za mikono. Leo hakuna darasa tena. Nyumba ya masista ndiyo makumbusho, na mgeni huingia kwa kiingilio.

Nilizunguka humo karibu saa mbili. Nilisimama mbele ya minyororo na pingu, nikatazama picha za zamani, nikasoma maelezo, nikaandika. Nilipotoka na kukaa chini ya mwembe kupitia daftari langu, niliona nimejaza kurasa tano. Kulikuwa na majina ya mapadre na miaka yao, jina la Livingstone, ambaye maiti yake ililazwa pale misheni usiku mmoja mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, kulikuwa na majina ya masultani na ya maofisa wa Kijerumani. Jina la msichana hata mmoja hamna. Sisemi kwamba kosa ni la makumbusho. Inawezekana kabisa kwamba macho yangu yenyewe yalivutwa na chuma na na watu mashuhuri kama macho ya mgeni yeyote. Lakini nimesomeshwa fasihi miaka miwili, eti, na nimeingia katika nyumba ya wasichana nikatoka na orodha ya wanaume.

Hapo karibu kuna mbuyu ambao kila mgeni huoneshwa. Ndani ya gome lake kimebaki kipande cha mnyororo, mti umenenepa ukaumeza. Ukiutazama bila kuambiwa kitu, utajua mara moja umeona nini: watumwa walifungwa hapa. Mwenzangu mmoja niliyemkuta pale, mwanafunzi wa chuo kingine, alikuwa ameshaanza kusikitika kwa sauti. Kumbe mnyororo ule, kwa masimulizi ya misheni yenyewe, ulifungwa na Mama Chevalier, Mfaransa aliyewahudumia wagonjwa, ili amfunge punda wake. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mnyororo wa punda una hadithi yenye jina la mwenyewe. Minyororo ya watu iliyomo ndani ya nyumba haina majina ya waliovishwa.

Nimeutaja mbuyu kwa makusudi, maana sisi wahakiki tuna ugonjwa uleule wa kuona tunachokitegemea. Jina la mji wenyewe tumelihakiki hivyohivyo. Tunaambiana kwamba "Bagamoyo" ni bwaga moyo, kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake kabla ya kupandishwa jahazini. Shairi tamu sana hilo. Ila wapo wanaolielewa jina hilo kinyume chake, kwamba ni furaha ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi njiani, akapumzika. Na historia ya mji inawaunga mkono hao zaidi kuliko tunavyopenda kukiri: misafara ya Bagamoyo ilibebwa kwa wingi na wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira, na pembe za ndovu ndizo zilizoutajirisha mji. Bandari kubwa ya watumwa katika pwani hii ilikuwa Kilwa. Watumwa walipita Bagamoyo, wala sisemi hawakupita, lakini wasichana wa nyumba ya masista wengi hawakufika pale kwa njia ambayo sisi tumeizoea katika mawazo yetu. Walinunuliwa.

Naam, walinunuliwa, na neno hili ndilo lililonikalia kooni. Katika miaka ya mwanzo mapadre walikwenda kwenye soko la watumwa la Unguja, soko ambalo Sultani Barghash alilifunga kwa mkataba wa Juni 1873, wakatoa fedha, wakachukua watoto. Kwa lugha ya kanisa kitendo hicho ni kukomboa. Sasa tulitazame neno. Katika Kiswahili cha sokoni, kukomboa ni kulipa deni ili urudishiwe kitu ulichokiweka rehani. Nimeweka mkufu wangu kwa mkopeshaji, nimepata fedha, nimeukomboa, naondoka nao. Ndani ya neno hili, basi, kuna mwenye mali wa awali. Kitu kinarudi kwake. Wakristo walilichukua neno wakalipandisha juu: Mkombozi, anayemrudisha mwanadamu kwa Muumba wake. Karne iliyofuata tukalichukua tena na kulitia bunduki mkononi: ukombozi wa Afrika, ambao kamati yake ya OAU ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1994, na hapohapo Bagamoyo FRELIMO walikuwa na shule yao ya sekondari. Neno moja, safari ndefu kweli.

Lakini mtoto aliyekombolewa sokoni alirudishwa kwa nani? Hakurudishwa kwa mama yake. Hakurudi kijijini. Kama neno lina mantiki, mkombozi ndiye aliyeondoka naye. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watumwa hao na mwanzo wa Ukatoliki wa Afrika Mashariki, ameonesha jinsi maisha ya misheni yalivyoendeshwa kwa nidhamu kali, sala, darasa na shamba vikipangiwa saa, na jinsi baadhi ya vijana walivyochoka wakatoroka. Wengine walikua, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba katika kijiji cha Wakristo. Kutoka hapo jozi za mume na mke zikapelekwa bara pamoja na mapadre kufungua misheni mpya: Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, na nyingine baadaye. Kwa hiyo bibi yangu anaposema "sisi watu wa misheni" hakwepi swali. Anataja ukoo wa karatasi pekee alioachiwa. Upande huo wa rehani ndio uliokomboa.

Sitaki nieleweke vibaya. Nikilinganisha na jahazi la kwenda Uarabuni au shamba la karafuu, nyumba ya 1876 ilikuwa heri mara mia, na mimi nisingekuwepo kuandika haya bila nyumba ile. Masista wengi walikufa kwa homa hapohapo. Hilo ni kweli na lisemwe. Ninalouliza ni la kifasihi. Nyumba hii ilifundisha kusoma na kuandika. Wasichana wake waliandika nini?

Tuanze na msichana ambaye tunalijua jina lake, ijapokuwa si wa Bagamoyo bali wa masista walewale walipokuwa Unguja. Anaitwa Swema. Alikuwa Myao. Baba yake alikufa, mama yake akaingia kwenye deni, na mwenye kudai akamchukua binti kuwa malipo, akawauzia watu wa msafara. Mama hakukubali kubaki nyuma. Akaufuata msafara kwa hiari yake ili awe karibu na mwanawe, mpaka nguvu zilipomwisha akaachwa njiani afe. Swema alipitishwa Kilwa, akafika Unguja amekonda kiasi kwamba walimhesabu maiti, wakamzika angali hai. Kijana mmoja akamfukua, akapelekwa kwa masista. Baadaye anakutana na Mwarabu aliyeamuru azikwe, safari hii Mwarabu ndiye majeruhi, na Swema anamsamehe.

Hebu tukitazame kisa hiki kwa macho ya fani. Sehemu ya kwanza, ya nafaka na madeni na mama anayefuata msafara, ina uzito wa kitu kilichotokea. Sehemu ya mwisho, ya kusameheana hospitalini, imekamilika mno. Ina umbo la mahubiri. Si ajabu. Aliyeandika alikuwa Padre Horner, na aliyekichapisha kisa hicho Paris mwaka 1870 alikuwa Monsinyori Gaume, kwa ajili ya wasichana Wakristo wa Ulaya na Marekani walioombwa kuwachangia watoto kama Swema. Kwa hiyo Swema ni "mimi" katika kitabu kisichokuwa chake. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers alikichambua kisa hiki kwa makini ili kutafuta sauti ya Swema chini ya sauti ya padre, na amepata mengi. Lakini tukio linalonishika mimi hakuna padre angeweza kulibuni, nalo ni lile deni. Swema alichukuliwa kama rehani. Neno letu lilikuwa pale tangu ukurasa wa kwanza! Aliyepaswa kumkomboa, kwa maana ya sokoni, ni mama yake, na mama hakuwa na nafaka. Ndiyo maana akaenda yeye mwenyewe, kwa miguu.

Wavulana walipata bahati kidogo zaidi. Mwaka 1887 kilitoka kitabu kiitwacho Kiungani, kwa jina la shule ya Waanglikana wa UMCA huko Unguja. Humo wanafunzi waliotolewa utumwani wameandika wenyewe walikotoka, jinsi walivyotekwa, walivyopita mikono hii na hii. A. C. Madan, yuleyule wa kamusi, alizikusanya habari hizo na kuzitafsiri kwa Kiingereza. Ndugu wasomaji, tufikirie maana yake. Tunapofundishwa historia ya nathari ya Kiswahili tunaruka kutoka tenzi za kale mpaka karne ya ishirini kana kwamba katikati palikuwa na jangwa. Kumbe mwaka 1887, kwenye madawati ya shule ya misheni, vijana wa Kiyao, Kinyasa na wengineo, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza, walikuwa wanaandika tawasifu. Sisi tunazisoma kwa Kiingereza. Ukitaka kuzijadili kwenye semina kwa Kiswahili itabidi uzitafsiri upya kurudi kwao, kama mtu anayekomboa kitu chake mwenyewe kwa bei ya pili.

Na Bagamoyo je? Mji ule una mwandishi, tena mkubwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, aliyesoma chuoni kwa mashehe wa Bagamoyo, alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, na kazi yake Desturi za Wasuaheli ikachapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Humo mna kila kitu: ndoa, uganga, ngoma, misafara, na mna habari za watumwa. Mtoro anaeleza utumwa kwa utulivu wa muungwana: mtumwa huitwaje, humwamkia vipi bwana wake, mzalia anatofautiana vipi na mjinga aliyeletwa jana kutoka bara. Ni maelezo bora kabisa na hayana hata chembe ya hasira. Kwa nini yawe na hasira? Mtoro alikaa barazani. Msichana wa nyumba ya masista alikuwa kilomita chache kutoka kwenye baraza hilo, katika miaka hiyohiyo, mji huohuo, naye alikuwa anajifunza herufi. Hata Mtoro naye alionja. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Akarudi Berlin, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Lakini alipoonewa, kalamu alikuwa nayo.

Hapo misheni penyewe palikuwa na kalamu kubwa. Padre Charles Sacleux alifika pwani hii mwaka 1879, akakaa mpaka 1898, akikusanya mimea na maneno. Matunda yake ni sarufi ya mwaka 1909 na ile kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka 1939 na 1941, ambayo kila mtaalamu wa lahaja anaiinamia. Mimi Kifaransa changu ni cha kubahatisha, lakini huwa naifungua maktaba kwa ajili ya maneno ya Kiswahili tu. Maneno yale hayakuota mwembeni. Yalitoka vinywani mwa watu walioishi karibu na padre: wavuvi, watu wa mjini, na, nathubutu kusema, watoto wa misheni. Inawezekana kabisa kwamba neno moja katika kamusi ile, jina la mboga fulani au la ushanga, lilitamkwa na bibi yake bibi yangu akiwa na miaka kumi. Kama ni hivyo, basi huo ndio mchango wake katika fasihi andishi. Neno moja, lisilo na sahihi.

Kitabu ambacho wenzangu watakuwa wameshakifikiria ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Hicho kiko kwa Kiswahili, na mwandishi ni mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, Myao kama Swema, aliyeishi Freretown karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875. Tumezoea kukiponda kitabu hiki. Katika semina zetu kinapigwa teke dakika ya kwanza: mwandishi kasuku, anawasifu Waingereza, anawalaumu Waarabu, hana msimamo wa kitabaka. Mimi mwenyewe nilikiponda mwaka wa kwanza nikapata alama nzuri. Sasa najuta kidogo. Sifa kwa Waingereza zimo, tena zinachosha. Lakini Mbotela ni mtu wa misheni. Amezaliwa ndani ya neno kukomboa, na anaandika kutoka humo, kama bibi yangu anavyojibu kutoka humo. Tukimtaka amlaani aliyemkomboa baba yake, tunamtaka asimame wapi? Uhakiki unaomdai mwandishi msimamo bila kuuliza ana pa kukanyaga ni uvivu, na mimi nimeufanya uvivu huo kwa wino wangu. Aidha, tuone alichofanya ambacho hata Swema hakupewa nafasi ya kukifanya: alichukua masimulizi ya wazee wa Freretown akayaandika kwa lugha ambayo wajukuu wao wangeisoma. Wanawake wa Bagamoyo hawakupata Mbotela wao.

Kabla ya kuondoka nilipita mjini kuitazama shule nyingine, maana sikutaka kurudi na makumbusho peke yake kichwani. Sewa Haji Paroo, yule tajiri wa Kihindi ambaye jina lake tunalijua sote kwa wodi za Sewahaji pale Muhimbili, aliijenga shule Bagamoyo mwaka 1896 akaikabidhi serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba ipokee watoto bila kubagua rangi. Imeendelea kuwa shule, siku hizi ni Shule ya Msingi Mwambao. Nilifika saa ya mapumziko. Kelele mtindo mmoja. Msichana mmoja alikuwa anamwandikia mwenzake kitu mkononi kwa kalamu ya wino, mwenzake anacheka na kujipapatua. Nikasimama pale kama mjinga. Ningetaka kujua anaandika nini, lakini mgeni hawezi kuuliza jambo kama hilo.

Jioni nikiwa Dar nilimpigia bibi simu. Nikamweleza nilikokwenda. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Ulimwona nani?" akauliza.

"Sikumwona mtu, bibi. Niliona picha. Hivi bibi yako aliitwa nani?"

"Maria."

"Wote pale waliitwa Maria. Jina la kwao?"

"Alikuwa nalo," akasema. "Lakini alikuwa hapendi kuitwa. Babu alilitaja siku moja, wakagombana, akasema hilo limekufa njiani. Mimi nilikuwa mdogo, nimelisikia kwa sikio moja."

Nikamwomba alitamke hivyohivyo alivyolisikia. Akajaribu. Likaja kipande, silabi mbili au tatu, akasita, akajaribu tena likaja tofauti. Nikayaandika yote mawili kwenye daftari lilelile, ukurasa wa sita, na sijayachapa hapa kwa sababu hakuniruhusu. Halafu akaniuliza kama ile miembe ya kuingilia misheni bado ipo, maana bibi yake alikuwa akisema waliikuta midogo wakaimwagilia. Nikamwambia ipo, imekuwa mikubwa sana, nimekaa chini yake.

"Umekula embe?"

Nikamwambia msimu bado.